Kuvu zinazoishi ndani ya migomba: je, zinaweza kukinga miche ya tishu dhidi ya fukusi na minyoo ya mizizi?

Kitalu cha Muleba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninawasalimu. Ninaendesha kitalu kidogo cha miche ya migomba wilayani Muleba, mkoani Kagera. Sehemu kubwa ya miche ninayouza ni ya tishu, yaani ile inayokuzwa maabara ndani ya chupa, kisha ikaletwa kwetu ikiwa midogo ili tuizoeshe jua na udongo kabla ya kumfikia mkulima. Faida zake ninazijua na ninamweleza kila mteja: mche huu hauji na fukusi (mdudu anayetoboa tunguu, yaani shina nene la mgomba lililo chini ya udongo), hauji na minyoo ya mizizi, wala hauji na mnyauko ambao machipukizi ya kupeana jirani kwa jirani yameusambaza katika vibanja vingi vya mkoa wetu.

Hata hivyo, kuna jambo linalonisumbua. Mwaka jana mteja wangu mmoja alipanda miche 60 katika kibanja cha wazazi wake, mahali ambapo migomba imesimama kwa vizazi. Miche ilianza vizuri na kutoa majani mapana, lakini mikungu ilipoanza kujaa, migomba kadhaa iliangushwa na upepo mdogo tu. Tulipofukua matunguu tuliyakuta yametobolewa na fukusi kila upande, na mizizi mingi ilikuwa imeoza. Katika kibanja hichohicho, migomba iliyotokana na machipukizi ya palepale ilikuwa na matundu pia, lakini haikuanguka. Mteja hakunilaumu, lakini moyoni ninajiona nina deni kwake.

Baadaye, katika mafunzo ya wakulima, mkufunzi mmoja alituambia kwamba mgomba wa kawaida huwa na kuvu zinazoishi ndani ya mizizi na tunguu bila kuudhuru, na kwamba kuvu hizo humsaidia mgomba kupambana na wadudu, ilhali mche wa tishu hutoka maabara ukiwa mtupu. Aliongeza kwamba kuvu hizo zinaweza kurudishwa kwenye mche kabla ya kuupanda. Muda haukutosha kumuuliza zaidi, ndiyo maana nimekuja hapa. Je, maelezo hayo ni ya kweli? Nimesoma kwamba kuvu inayotajwa ni Fusarium, jina lilelile la kuvu inayoleta mnyauko wa Panama. Inakuwaje kitu kimoja kiwe ugonjwa na kinga? Na je, mtu wa kitalu kama mimi anaweza kuiotesha mwenyewe, kwa mfano kwa kuloweka mizizi ya mgomba wenye afya na kumwagilia maji yake kwenye miche?


Mtafiti wa Mizizi amejibu:

Ndugu wa Muleba, asante kwa swali lililoandikwa kwa uangalifu. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa na watu wanaochunguza magonjwa ya migomba nchini Uganda, kwa hiyo nitaeleza ninachokifahamu, na nitaanza na kile ambacho mkufunzi wenu alisema kwa usahihi.

Ni kweli kwamba karibu kila mmea ukiuchunguza kwa makini utakuta kuvu ndani yake. Namna ya kuzithibitisha ni rahisi kueleza: kipande cha mzizi au cha tunguu husafishwa kwa nje kwa spiriti na dawa ya klorini ili kila kijidudu cha juu kife, husuuzwa kwa maji safi, kisha hukatwa na kuwekwa juu ya chakula cha maabara. Kuvu inayochomoza kutoka kwenye sehemu iliyokatwa ilikuwa ndani, si nje. Mchunguzi makini huyaotesha pia maji ya suuzo la mwisho. Yakitoa kuvu, ujue usafishaji haukufaulu na matokeo yote yatupwe. Sasa fikiria mche wa tishu. Kabla ya kuingizwa chupani, kichipukizi kimekatwa hadi kubaki kiini kidogo na kusafishwa kwa dawa hizohizo. Fukusi wameondoka, minyoo wameondoka, na kuvu za msaada nazo zimeondoka karibu zote. Mkufunzi wenu hakukosea.

Nchini Uganda, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, pamoja na wenzao wa huko, walitenga kuvu kutoka mizizi na matunguu ya migomba yenye afya. Nyingi zilizopatikana zilikuwa Fusarium oxysporum zisizoleta ugonjwa. Walichukua miche ya tishu iliyokwisha kuota mizizi, wakaitumbukiza mizizi hiyo katika maji yenye spora (mbegu ndogo sana) za kuvu hizo, kisha wakaipanda kwenye vyungu na kuwaachilia minyoo aina ya Radopholus similis, wale wanaotoboa mizizi ya mgomba hadi ikawa nyeusi na kukatika. Kwa baadhi ya kuvu zilizojaribiwa, minyoo walizaana kwa kiasi kidogo zaidi na mizizi ilioza kidogo zaidi kuliko kwenye miche ambayo haikutiwa kitu.

Jaribio lililonivutia kuliko yote lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani. Waliigawa mizizi ya mche mmoja katika vyungu viwili: upande mmoja wakatia kuvu, upande wa pili wakatia minyoo, hivyo kwamba viumbe hao wawili hawakukutana kabisa. Hata hivyo, minyoo walioingia kwenye mizizi ya upande wa pili walipungua. Maana yake ni kwamba kuvu haikuwaua minyoo kwa kuwagusa. Iliuamsha mgomba wenyewe, nao ukajihami mwili mzima. Hilo ndilo linalonifanya nisipende kuiita kuvu hii dawa. Ni afadhali tuiite chanjo, nayo chanjo, kama unavyojua kwa mifugo, lazima itangulie ugonjwa.

Kuhusu fukusi kuna kuvu nyingine, Beauveria bassiana, ambayo kwa asili yake huua wadudu. Kuinyunyiza shambani kuna gharama, maana jua na ukavu huiua upesi. Watafiti walioko Uganda walijaribu kuiingiza ndani ya mche wa tishu kwa kutumbukiza mizizi na tunguu lake changa, wakaikuta bado hai ndani ya mmea baada ya miezi minne, na katika majaribio ya vyungu uharibifu wa fukusi ulipungua kwa kati ya asilimia 42 na 87. Kiluwiluwi wa fukusi huishi ndani ya tunguu, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haimfikii. Kumwekea adui wake humohumo ndani ni wazo zuri sana.

Swali lako kuhusu jina la Fusarium linastahili jibu kamili. Fusarium oxysporum ni jina la ukoo mkubwa. Ndani yake kuna tawi liitwalo cubense, ambalo huingia katika mishipa inayopandisha maji, likaiziba, na mgomba ukanyauka. Migomba ya sukari ndizi na kisubi imeumizwa sana nalo. Zile za msaada hukaa katika nyama ya nje ya mzizi na haziuzibi mshipa wa maji. Kwa macho, na hata kwa darubini, huwezi kuzitofautisha. Ni lazima zipimwe kwenye mimea hai na kwa vipimo vya vinasaba. Kwa sababu hiyo ninakuomba, tena kwa msisitizo, usiloweke mizizi na kumwagilia maji yake kitaluni. Mgomba unaoonekana mzima unaweza kuwa umebeba kuvu ya mnyauko au bakteria wa mnyauko ambao dalili zake hazijatokea, nawe ukavigawa kwa wateja wako wote kwa siku moja. Tangu mwaka 2013 ile aina kali ya mnyauko wa Panama iitwayo TR4 imethibitishwa kuwapo kaskazini mwa Msumbiji, nchi inayopakana nasi. Huu si wakati wa kuhamisha kuvu tusizozijua.

Niseme pia jambo ambalo mkufunzi huenda hakulisema. Matokeo ya kwenye vyungu hayakurudiwa kwa uthabiti uleule shambani. Mahali pengine kuvu ilisaidia, mahali pengine tofauti na miche ya kawaida ilikuwa ndogo au haikuonekana, kwa sababu shambani kuna udongo wa kila namna, ukame, na kuvu nyingine zinazogombea nafasi. Aidha, usimhukumu mteja wako wala mche wako kwa ulinganisho wa machipukizi peke yake. Chipukizi huanza maisha na tunguu kubwa lenye akiba, huku mche wa tishu ukianza na tunguu lisilozidi ukubwa wa limau. Fukusi kumi wakiyashambulia yote mawili, ni wazi lipi litaanguka kwanza, hata kama habari ya kuvu isingekuwapo.


Mfugaji wa Kentucky amejibu:

Nimelelewa Bukavu na sasa ninafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa nyama hapa Kentucky, Marekani. Ndugu Mtafiti amesema kwamba kuvu za ukoo mmoja zinaweza kuwa na tabia tofauti. Huku tunaishi na mfano wake kila siku, na ningependa ndugu wa Muleba aujue, kwa kuwa ni mahali ambapo kuvu ya ndani ya mmea imekuwa biashara ya kawaida ya wakulima.

Mwaka 1931, katika shamba moja la milimani kwenye kaunti ya Menifee, profesa mmoja aliona nyasi zilizobaki za kijani wakati nyingine zimekauka. Mbegu zake zilitolewa kwa wakulima mwaka 1943 kwa jina la Kentucky 31, zikaenea katika mamilioni ya hekta. Lakini ng'ombe waliolishwa nyasi hizo hawakunenepa ipasavyo. Wakati wa joto walihema na kusimama ndani ya mabwawa siku nzima, maziwa yalipungua, na wakati wa baridi wengine walioza kwato na ncha za mikia. Kwa miaka mingi sababu haikujulikana. Mwaka 1977 watafiti wa jimbo la Georgia walionyesha kwamba ndani ya nyasi hizo inaishi kuvu, ambayo leo inaitwa Epichloë coenophiala, na ikaja kufahamika kwamba kuvu hiyo hutengeneza sumu iitwayo ergovalini inayobana mishipa ya damu ya ng'ombe.

Wakulima walifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Walinunua mbegu zilizosafishwa zisizo na kuvu. Ng'ombe wakapona, lakini nyasi zikafa, kwa sababu kuvu ileile ndiyo iliyokuwa ikizilinda dhidi ya ukame, wadudu na minyoo. Nimewasikiliza wazee wa hapa wakisimulia mashamba waliyoyapanda upya mara mbili. Suluhisho lilikuja karibu na mwaka 2000, watafiti wa New Zealand na wa Chuo Kikuu cha Georgia walipochukua kuvu ya ukoo huohuo isiyotengeneza ergovalini, wakaiingiza ndani ya nyasi. Leo mfuko wa mbegu hizo huuzwa ukiwa na kuvu hai ndani ya kila mbegu, na huwa tunashauriwa tusiuweke ghalani msimu mzima wa joto, kwa kuwa kuvu hufa mapema kuliko mbegu yenyewe. Mbegu itaota, nyasi zitaonekana nzuri, lakini mlinzi hayumo.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku utakapopata miche au kuvu ya kununua, uliza mambo mawili: ni kuvu ipi hasa, na ilihifadhiwa vipi hadi ikakufikia.


Mkulima wa Mang'ola ameandika:

Samahani kwa kuingilia mjadala wa migomba. Sisi tunalima vitunguu, na vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanatumaliza. Je, utaratibu huu umewahi kujaribiwa kwa vitunguu, au ni kwa migomba na nyasi pekee?


Mtafiti wa Mizizi amejibu:

Umejaribiwa, ndugu, na si mbali nawe. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuingiza kuvu kadhaa ndani ya miche ya vitunguu kwa kuloweka mbegu katika maji ya spora. Ile iliyofanya vizuri zaidi ni ya ukoo wa Trichoderma, iliyoitwa wakati huo Hypocrea lixii. Vithiripi waliowekwa kwenye vitunguu vyenye kuvu hiyo walikula kidogo na kutaga mayai machache, na wakipewa nafasi ya kuchagua walikwenda kwenye vitunguu visivyo nayo. Kituo hichohicho kimejaribu njia hii kwa maharage dhidi ya nzi wanaochora majani. Mbegu ndogo ina faida kubwa kuliko mgomba, kwa sababu kuloweka gunia la mbegu ni kazi ya usiku mmoja.


Mfamasia wa Morogoro ameandika:

Nitasema machache tu, kwa kuwa nimewaona watu mtandaoni wakiuza unga wanaodai umetokana na kuvu za ndani ya miti ya dawa, na wakitaja utafiti wa kweli ili kuupa uzito uongo wao.

Mwaka 1993 watafiti wa Montana, Marekani, walitangaza kwamba wamepata katika gome la mti wa Taxus brevifolia kuvu inayotengeneza paklitakseli, dawa ya saratani iliyokuwa ikipatikana kwa kuchuna magome ya miti hiyo. Kiasi kilichopatikana kilikuwa cha sehemu za bilioni za gramu moja, si cha gramu, kwa kila lita. Mwaka 2013 watafiti wengine waliichunguza upya kuvu hiyo na nyingine kama hizo, nao hawakupata ushahidi kwamba zina vinasaba vya kuitengeneza. Paklitakseli inayotumika hospitalini leo hutoka kwenye majani ya miti ya jamii hiyo na kwenye seli zake zinazokuzwa viwandani.

Kwa upande mwingine, mwaka 1999 ilichapishwa habari ya kemikali iliyotolewa kwenye kuvu ya ndani ya mmea uliochumwa karibu na Kinshasa. Kemikali hiyo iliiga kazi ya insulini na kushusha sukari ya panya wenye kisukari walipoimeza. Nilipoisoma nikiwa mwanafunzi niliguswa sana, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anayejichoma sindano kila siku ni mtu ninayemfahamu. Lakini kutoka kwa panya hadi kwenye kidonge ni safari ndefu, na hiyo haikufika. Atakayekuuzia kuvu ya kisukari au ya saratani katika chupa ya plastiki hana dawa.


Kitalu cha Muleba ameandika:

Ninawashukuru nyote, na nimeacha kabisa wazo la kuloweka mizizi. Ninaomba kuuliza swali la mwisho. Kitaluni kwangu tumezoea kuchemsha udongo kwenye mapipa kabla ya kujaza vifuko, na kila wiki tunanyunyiza dawa ya ukungu ili miche isioze. Je, kwa kufanya hivyo tunaharibu zaidi? Na nimwambie nini mteja wangu, ambaye anataka kupanda tena mwezi wa Septemba mvua za vuli zikianza?


Mtafiti wa Mizizi amejibu:

Kuchemsha udongo endelea nako, kwa sababu bila hivyo utauza minyoo pamoja na miche. Dawa ya ukungu ya kila wiki ndiyo inayonitia wasiwasi. Wiki mbili au tatu za kwanza baada ya kutoka chupani mche hauna ngozi ya kujikinga na unaweza kuoza, hivyo dawa ina nafasi yake. Baada ya hapo, ukipunguza maji, ukaipa miche nafasi ya hewa na kuondoa kivuli hatua kwa hatua, haja ya dawa hupungua sana. Dawa ya ukungu haichagui. Hata ukipata kuvu bora kesho, ukiendelea kunyunyiza kila wiki utakuwa umeinunua ili uiue. Utaratibu uliofuatwa kwenye majaribio ni kutumbukiza mizizi wakati mche unahamishiwa kwenye kifuko, kisha kukaa bila dawa ya ukungu hadi kupandwa, ili kuvu ipate majuma kadhaa ya kuenea ndani.

Kuhusu mahali pa kuipata, wasiliana na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, ambacho kiko mkoani kwenu na migomba ndiyo kazi yake, uwaulize kama wana majaribio ambayo kitalu chako kinaweza kushiriki. Ukiona bidhaa dukani, angalia kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na angalia tarehe na mahali ilipohifadhiwa, kama ndugu wa Kentucky alivyosema. Chupa ya spora iliyokaa dirishani juani ni maji machafu tu.

Mteja wako asisubiri kuvu. Katika utafiti mmoja uliofanywa Uganda hasara ya fukusi ilikuwa asilimia 5 kwa mkungu wa kwanza, ikafika asilimia 44 kwa mkungu wa nne wa shina lilelile. Fukusi hujilimbikiza taratibu, na yeye amepanda miche michanga katikati ya makao yao. Ikiwa ana kipande cha ardhi ambacho hakijawa na migomba kwa miaka miwili au zaidi, miche mipya iende huko. Ikiwa hana, ang'oe matunguu ya zamani, ayakatekate yakauke, na kwa miezi kadhaa alime maharage au viazi vitamu mahali hapo. Wakati huo atege fukusi kwa vipande vya shina la mgomba vilivyopasuliwa na kulazwa kifudifudi karibu na migomba iliyobaki, akivigeuza kila baada ya siku tatu na kuwaua anaowakuta. Matandazo ayaweke mbali kidogo na shina, na miche aipande ikiwa imefikia angalau sentimita 30, si ile midogo ambayo wateja huipenda kwa sababu ya bei. Machipukizi atakayoyatoa kwenye migomba ya zamani yamenywe hadi yawe meupe, kisha yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 kabla ya kupandwa.


Kitalu cha Muleba ameandika:

Nimeelewa. Kesho nitakwenda kwa mteja wangu tukague kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba yake, ambacho kwa miaka mitatu kimelimwa maharage, na miche 60 ya kupanda hapo nitampa bila malipo. Hamsini itakuwa ya kawaida. Kumi nitaiacha bila dawa ya ukungu tangu wiki ya nne, nitaitia alama, nami nitarudi hapa tutakapofukua matunguu baada ya mkungu wa kwanza ili niwaeleze tulichokiona.